Upanga wa Wamoro huanza kusomwa mpinini

Wiki iliyopita mnada mmoja wa vitu vya kale umebadilisha maelezo yake. Upanga waliokuwa wameuandika kuwa ni wa Kiarabu sasa unaitwa barong ya Watausug, mojawapo ya makabila ya Kiislamu yaitwayo Wamoro, wa visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino. Niliwaambia tangu mwanzo, dalali wao akanijibu kuwa kazi hii ina wenyewe. Haya, wenyewe ndio sisi. Jina langu hawakulitaja, si kitu. (Ni kitu.)

Nilianzia kwenye mpini. Kitako chake kimechongwa kichwa cha kasuku mwenye kishungi, ambaye wenyeji humwita kakatua: mdomo upande huu, kishungi upande ule, na shingoni pete ya fedha iliyozungushiwa uzi wa kusokota. Mdomo na kishungi vikirefushwa na kunakshiwa sana, hiyo ni junggayan, mipini ya wenye hadhi.

Kichwa hichohicho utakikuta kwenye kris, upanga mwingine wa Wamoro, na hapo wengi huteleza wakaiita keris ya Java, Indonesia. Jamani! Ile ya Java ni kisu cha kuchoma. Hii ni upanga wa kukata, na pale ubapa unapokutana na mpini kuna vibanio vya madini, asang-asang, vinavyoukaza usilegee. Ukiviona hivyo, Java isahau.

Kampilan, upanga wao mrefu, haina shida: mpini umepasuka mithili ya mamba aliyeachama, mara nyingine na mafundo ya nywele. Watboli wa Lake Sebu, kabila jirani lisilo la Wamoro, wao hupenda shaba iliyomiminwa kwa kielelezo cha nta kinachoyeyushwa, na vinjuga vinavyolia ukitikisa.

Ndugu zangu, someni! Acheni kuabudu karatasi ya muuzaji. Mapanga mengi yalifika Marekani mikononi mwa askari waliopigana na Wamoro, zama za mapigano ya Bud Dajo mwaka 1906 na Bud Bagsak 1913, na askari hakuuliza huyu Mtausug au Mmaranao, kabila jingine la Wamoro. Someni, narudia, na mshike mpini wenyewe, maana picha huficha. Mipini pia hubadilishwa: kagua kama ubapa umekaa sawasawa na kama gundi inang'aa upya.

Na kitako kikiwa cha pembe ya ndovu, ulizia vibali kabla hujalipa. Forodha hawajali kakatua wako ni mzuri kiasi gani.