Maswali Yenu: Mtoto Anataka Historia, Apelekwe Chuo Gani?

Swali. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL. Amepata Historia C, Jiografia D na Kiingereza D. Anataka kusoma Historia, hasikii la mtu. Baba yake anasema aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu ya jina. Mimi naona Dodoma, maana mabweni yapo hapo hapo chuoni. Tumpeleke wapi? – *Mama, Kihonda, Morogoro*

Jibu. Mama, hesabu kwanza. Kwa mizani ya sasa A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S ni nusu. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E, S haihesabiki) zenye jumla isiyopungua pointi 4.0 katika masomo yanayotajwa na programu husika. C ya Historia na D moja ni pointi 5, kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini hicho ni kima cha chini tu. Programu ikiwa na waombaji wengi kuliko viti, wenye pointi nyingi ndio hutangulia.

Mnabishana Dar au Dodoma, na kuna jambo linalotakiwa kuamuliwa kabla ya hapo: shahada ipi? Neno "Historia" liko kwenye mwongozo wa udahili wa TCU kwa sura zaidi ya moja. Ipo Shahada ya Sanaa katika Historia, inayotolewa Dar na Dodoma pia. Zipo zinazoiunganisha Historia na somo jingine, kama akiolojia. Halafu ipo Shahada ya Sanaa na Ualimu, ambamo mwanafunzi huchukua masomo mawili ya kufundishia, na Historia inaweza kuwa mojawapo.

Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Mtoto anajaza Sanaa katika Historia huku nyumbani wote wanaamini atatoka mwalimu. Miaka mitatu baadaye nafasi za ualimu zinatangazwa, anagundua hana sifa, na inabidi asome stashahada ya uzamili katika elimu, mwaka mmoja zaidi na ada nyingine. Anayetaka kufundisha achukue Ualimu tangu mwanzo. Akifanya hivyo awe na somo la pili alilofaulu vizuri, na kwa binti yenu hilo ni Jiografia au Kiingereza. Ajue pia kwamba serikali imekuwa ikiwapa kipaumbele walimu wa sayansi na hisabati, hivyo foleni ya sanaa ni ndefu. Anayevutwa na makumbusho, malikale, utafiti, uandishi au utumishi wa aina nyingine, Sanaa katika Historia inamfaa zaidi, kwa sababu muda ambao wenzake wanajifunza mbinu za kufundisha yeye anautumia kwenye somo lenyewe.

Mkishaamua hilo, fungueni orodha ya kozi za kila chuo, mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni takriban saa 10 za kazi, kuanzia mihadhara hadi kujisomea. Msidanganywe na majina mazuri ya kozi. Angalieni mambo matatu. Je, kuna kozi ya lazima ya mbinu za utafiti wa historia, inayomfundisha mwanafunzi kusoma nyaraka na kukusanya masimulizi ya wazee? Je, mwaka wa tatu anaandika tasnifu yake mwenyewe, na ni lazima au ni hiari? Je, kozi za hiari zilizoandikwa zinafundishwa kweli, au zimebaki kwenye karatasi kwa kukosa mwalimu? Hilo la mwisho halimo kwenye kitabu chochote, lazima mumuulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Nafasi nzuri ya kuuliza ni Maonesho ya Vyuo Vikuu ambayo TCU huyaandaa viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, mwezi Julai. Wengi wakifika kwenye banda huuliza "ada shilingi ngapi?", wanapewa kipeperushi, wanaondoka. Aulize hivi: semina moja ina wanafunzi wangapi? Mwalimu anarudisha insha ikiwa na maelezo, au ni alama tu? Mwaka jana ni kozi zipi za hiari ambazo hazikufunguliwa? Aliyepo bandani akishindwa, aombe kuelekezwa idarani.

Sasa Dar au Dodoma. Jina analolisema baba lina sababu. Idara ya Historia ya Mlimani, yaani kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza mwaka 1964, mkuu wake wa kwanza akiwa Terence Ranger. Walifundisha hapo akina Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na Walter Rodney, kiasi kwamba wanahistoria duniani huizungumzia "shule ya Dar es Salaam". Ila Ranger aliondoka 1969 na Rodney 1974. Binti yenu atafundishwa na walioko darasani leo, kwa hiyo tazameni orodha ya wahadhiri wa sasa na fani zao.

Faida ya Dar ambayo haijaondoka ni vyanzo. Maktaba ya chuo ina mkusanyo wa Afrika Mashariki, pamoja na miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, na mafaili yake ya enzi ya Wajerumani yaliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Mwanafunzi anayeandika tasnifu anaweza kwenda na kurudi kwa daladala. Wa Dodoma atahitaji kupanga safari, siyo mwisho wa dunia siku hizi ambapo treni ya SGR inapita hapo hapo Morogoro kwenu.

Kwa upande wa maisha tunakubaliana na wewe, mama. Asiyepata hosteli za Mabibo au Magufuli atapanga chumba, na kodi, nauli na foleni za Dar zitakula pesa na saa za kusoma. Kwa matokeo yake, na kama hana ndugu wa kumkaribisha Dar, sisi tungeomba vyuo vyote viwili na kuweka Sanaa katika Historia nafasi ya kwanza kila upande. Akichaguliwa kote, bajeti ndiyo iamue. Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja atatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, na asipothibitisha ndani ya muda anaweza kupoteza nafasi.

Tahadhari moja inayoonekana ndogo: fomu isijazwe na kijana wa steshenari kwa barua pepe na namba ya simu yake yeye. Namba ya kuthibitisha itakwenda kwake, na siku hiyo duka limefungwa. Na msome jina la chuo hadi mwisho. DUCE iko Chang'ombe na MUCE, yaani Mkwawa, iko Iringa. Zote ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini anayedhani amechagua Mlimani akajikuta Mkwawa atahitaji sweta.

Swali. Kijana wangu anaomba Historia na nataka apate mkopo. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi tofauti na cheti cha kidato cha nne. Je, itamkwamisha? – *Baba, Tabora*

Jibu. Inaweza, mzee wetu, kwa hiyo irekebishe kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo (kwa Zanzibar, na wakala wa usajili wa huko). Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, ombeni RITA wakirekebishe. Kama ni jina tofauti kabisa, wakili ataandaa hati ya kubadili jina na itasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Msisubiri wiki ya mwisho.

Kumbukeni pia kwamba maombi ya mkopo ni kitu mbali na maombi ya chuo. Kudahiliwa hakuleti mkopo. Fomu ya Bodi ya Mikopo hujazwa mtandaoni, huchapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa hupakiwa tena kwenye mfumo. Linalorudisha fomu nyingi ni sahihi inayokosekana, muhuri usiosomeka na picha ya simu yenye kivuli. Tumieni skana. Bodi ina vipaumbele vya fani na hubadilika, hivyo someni mwongozo wa mwaka huu na si wa kaka yake. Akija kuajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ajue mapema.

Swali. Shikamooni. Nimepata Historia D, Kiswahili E, Kiingereza S. Bado naipenda Historia. Nifanyeje? – *Kijana, Tanga*

Jibu. Marahaba, mdogo wetu. D na E ni pointi 3, umepungukiwa moja. Usimlipe mtu anayesema ana njia yake.

Njia halali zipo tatu. Ya kwanza ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukiisukuma E ya Kiswahili iwe D umefika pointi 4, na kwako ndiyo njia fupi. Ya pili ni kozi ya maandalizi ya Chuo Kikuu Huria. Ya tatu ni stashahada. Hizi mbili za mwisho zinataka umalize na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0. Ila kabla ya kulipia stashahada yoyote, fungua mwongozo wa TCU upande wa sifa linganifu (za wasioingia kwa kidato cha sita), uone kama hiyo stashahada imetajwa kwenye shahada unayoitaka. Wapo wanaomaliza miaka miwili na GPA nzuri, kisha wanaambiwa fani yao haiingii.

Swali. Binti yetu ana B- ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, Historia A-. Anataka kusomea Historia na baadaye afundishe. Je, achague chuo kwa kuangalia pointi za mwaka jana? – *Mzazi, Likoni, Mombasa*

Jibu. Pointi za mwaka jana ni dira tu, hupanda na kushuka kulingana na waombaji. Kinachomfaa ni kulinganisha pointi zake za klasta (kundi la masomo yanayotakiwa na programu), ambazo huhesabiwa juu ya 48, na za programu ile ile kwa miaka miwili mitatu. Apange chaguo zake KUCCPS, mfumo wa Kenya wa kuwapangia wanafunzi vyuo, kwa ngazi: moja ya kujaribu bahati, mbili anazolingana nazo, moja ya uhakika.

Kwa kufundisha, TSC, tume ya walimu ya Kenya, hutazama zaidi ya shahada. Inataka C+ ya jumla na C+ katika kila somo kati ya mawili ya kufundishia. A- ya Historia inatosha. Je, somo la pili ni lipi, na alipata ngapi? Kama Kiswahili au CRE (elimu ya dini ya Kikristo) ni C kavu, shahada ya ualimu yenye mseto huo haitamsaidia hata akiipata. Achague mseto kwanza, chuo kifuate.

Swali. Mwanangu anasubiri chuo, yupo tu nyumbani na simu. Kuna la kujiandaa kwa Historia? – *Mama, Mwanakwerekwe, Zanzibar*

Jibu. Lipo, na kwenu ni karibu. Kama alipita madrasa na anasoma herufi za Kiarabu, asiziache zipotee. Barua na mashairi mengi ya pwani ya zamani ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, na wanafunzi wengi wa Historia hawawezi kuyasoma. Akitaka lugha nyingine, Kijerumani kitamfungulia mafaili ya Tanganyika ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Aende pia Nyaraka za Taifa pale Kilimani na barua ya utambulisho, aulize utaratibu wa kusoma. Aombe waraka mmoja tu, tuseme barua ya ofisa wa Kiingereza kuhusu karafuu. Aandike ukurasa mmoja: nani kaandika, kwa nani, tarehe gani, anataka nini, na nani anatajwa bila kupewa nafasi ya kusema. Aandike kwa Kiingereza, maana ndicho atakachoandikia insha chuoni, na hapo ndipo wengi huanguka muhula wa kwanza. Kurasa kumi za namna hiyo kabla ya kufungua chuo zinamtosha. Simu aende nayo, ila aulize kwanza kama picha zinaruhusiwa.