Wamesema "nzuri", lakini hadithi haijakaa

Msomaji wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ameniandikia kwamba ana hadithi fupi tatu, marafiki wote wamezisifu, ila mwenyewe anaona bado. Mwandishi wa aina hiyo atafika. Anayeandika ili apigiwe makofi kwenye kundi la WhatsApp angeshatosheka.

Hadithi aliyoambatisha inamhusu mkulima wa zabibu wa Hombolo mwenye deni. Ukurasa wa kwanza wote ni upepo, vumbi na jua. (Jamani, hadithi za Dodoma na upepo!) Mkulima anatokea ukurasa wa pili, anahuzunika, anauza shamba. Lugha haina kosa. Kazi ya huyo mkulima ndiyo haionekani.

Zabibu ikishakatwa haiendelei kuiva. Embe utalichuma bichi ulivundike, zabibu ukiiwahi imekula kwako, itabaki kali vilevile. Ukichelewa, ndege wanaingia shambani, na mvua ikikuta tunda limeiva, linapasuka na kuoza. Sasa mnunuzi aseme "njoo wiki ijayo". Mkulima avune leo amuuzie dalali kwa bei ya kutupa, au asubiri huku mdai anakuja Jumamosi? Mgogoro huo hukuubuni, umeukuta shambani, na neno "huzuni" hutalihitaji tena.

Kwa hiyo nenda Hombolo mwezi wa nane au wa tisa, wakati wa mavuno. Ukiuliza "maisha yakoje?" utaambiwa magumu, basi. Uliza kinachoharibika ni nini, kinachukua siku ngapi kuharibika, na hasara anaibeba nani. Fundi cherehani wa Majengo ana majibu yake, dereva wa bodaboda ana yake.

Ukirudi, usiirekebishe ile ya zamani. Fungua ukurasa mtupu, anzia siku mnunuzi alipoahirisha, na jizuie kwenye maneno 1,500. Mazungumzo yasome kwa sauti. Mke akisema "kama unavyojua mume wangu, tunadaiwa laki nane", futa: wote wawili wanajua, anaambiwa msomaji. Watu wenye deni nyumbani huzungumzia chumvi iliyokwisha. Kisha ifungie wiki mbili. Ukiisoma mapema zaidi ya hapo, utasoma ulichokusudia, si kilichoandikwa.

Halafu wasomaji. Usiwaulize "umeionaje?" Watajibu nzuri, ndivyo tulivyolelewa. Chapisha nakala, mpe kila mmoja na kalamu, achore mstari pale alipotamani kuiweka chini. Wasiwe ndugu zako. Wawili wakichora palepale, pana tatizo, hata kama ndipo ulipojipendea sentensi zako, na usianze kuwaeleza ulimaanisha nini, maana hutakuwepo kumweleza kila msomaji. Wakichora sehemu tofauti, amua mwenyewe.