Kiduha katika mtama: jibu kwa ndugu wa Igunga anayeng'oa kila msimu bila kupata nafuu

Ndugu yangu wa Igunga, umeeleza kwamba mtama wako hudumaa na kunyauka mchana ilhali udongo bado una unyevu, kwamba wiki chache baadaye maua ya rangi ya waridi iliyokolea hutokeza kuzunguka mashina, na kwamba umeyang'oa kwa misimu mitatu mfululizo lakini kila mwaka yanazidi. Umemalizia kwa kuomba jina la dawa ya kupulizia. Hicho ni kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mtama na kuinyonya, na mimi nimepambana nacho kwa miaka tisa katika shamba la ekari tatu huku Kishapu. La dawa nitalijibu, lakini naomba tuanze na mbegu, kwa sababu hapo ndipo penye tatizo lako.

Mche mmoja wa kiduha huweza kumwaga mbegu 50,000 na zaidi, nazo ni laini kama ugoro, kiasi kwamba huwezi kuziona zikishachanganyika na udongo. Huweza kukaa hai ardhini kwa miaka 10 na zaidi. Mbegu hizo haziamshwi na mvua peke yake. Zinahitaji kwanza kukaa katika udongo wenye joto na unyevu kwa wiki moja au mbili, kisha zipate ishara ya kemikali inayotolewa na mzizi ulio karibu sana nazo. Ikiisha kuota, mbegu ina siku chache tu za kuufikia mzizi huo, na isipoufikia hufa, kwa kuwa haina akiba ya chakula. Ikiufikia, hujipachika na kunyonya maji na chakula kwa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuchomoza juu ya ardhi. Matundu ya majani yake hayajifungi ipasavyo hata wakati wa ukame, kwa hiyo huendelea kuvuta maji kutoka kwa mtama muda wote. Ndiyo maana mtama wako unanyauka kwenye udongo wenye unyevu. Siku unapoliona ua la kwanza, hasara kubwa ya msimu huo imekwisha kutokea.

Sasa nieleze yaliyonipata. Shamba langu ni la luseni, ule udongo wa kichanga wa kwenye mwinuko. Baba mkwe wangu alilima humo pamba mwaka mmoja na mtama mwaka uliofuata, akimwaga samadi kila alipoweza, na kiduha kilikuwepo lakini hakikumshinda. Nilipolichukua mimi, bei ya pamba ilikuwa imenikatisha tamaa, kwa hiyo nikalima mtama miaka minne mfululizo, tena kwa mbegu niliyonunua kwa debe mnadani. Msimu wa nne nilivuna magunia mawili katika ekari zote tatu. Wapo majirani waliosema shamba limerogwa, na sikuwalaumu, kwa maana nilikuwa nimepalilia mara mbili na mvua haikuwa mbaya. Makosa yangu yalikuwa mawili, nayo yalisaidiana. Mtama unaopurwa chini huokota mbegu za kiduha, kwa hiyo huenda mbegu ya mnadani iliniongezea nyingine. Na kwa kupanda mtama juu ya mtama, kila mwaka nilikiandalia kiduha mizizi ya kushika.

Kuhusu kung'oa, wewe hukukosea kung'oa. Shaka yangu ni juu ya wakati na juu ya unachokifanya baadaye. Palizi mbili tulizozoea huisha kabla kiduha hakijatokeza, kisha mkulima hurudi shambani wakati wa kuvuna, na katikati hapo vifuko vya mbegu vimekwisha kukomaa na kupasuka. Tangu nilipoelewa hilo, napita shambani kila baada ya siku kumi hivi tangu maua ya kwanza yanapoonekana, nikiwa na mfuko begani, na kila nilichong'oa hukiweka ndani ya mfuko na kukichoma. Mwanzoni kibarua wangu alivilundika kwenye kingo za shamba, nami niliona ni sawa tu, lakini kiduha kilichong'olewa kikiwa na maua huweza kuendelea kukomaza mbegu hata kikiwa kimelala chini, na mvua iliyofuata ikazirudisha shambani kupitia mifereji.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona likitajwa na wengi, nalo kwangu ndilo lililoleta tofauti kubwa. Mtama haufi kwa kukatwa masuke. Shina hubaki bichi, huchipua upya, na kiduha kilichoshika mizizi yake huendelea kunyonya, kuchanua na kumwaga mbegu wakati sisi tunaanika mavuno nyumbani. Kisha tunafungulia mifugo iingie kula mabua, na mbegu husafiri kwa kwato na kwa kinyesi hadi mashamba ya wengine. Sasa nang'oa mashina pamoja na mizizi mara tu baada ya kuvuna. Ni kazi nzito, na katika mwaka wa kwanza familia yangu ililalamika sana, lakini hakuna palizi iliyonilipa kuliko hiyo.

Upande wa udongo, inafaa ujue kwa nini kiduha hupenda mashamba yaliyochoka. Kemikali inayokiamsha ni ya jamii ya strigolaktoni, na mmea hauitoi kwa ajili ya kiduha. Huitoa ili kuwaita kuvu wa mizizini wanaousaidia kupata fosforasi. Mmea wenye njaa huita kwa nguvu zaidi, na kiduha husikia mwito uleule. Kwa hiyo samadi na mbolea zina kazi mbili, kulisha mtama na kupunguza mwito huo. Mimi hutumia takriban mikokoteni 15 ya samadi kwa ekari, kwa zamu, ekari moja kila mwaka. Samadi hiyo nairundika kwanza hadi ioze vizuri kwa joto, kwa maana ng'ombe aliyekula kiduha chenye mbegu huweza kuzirudisha shambani zikiwa hai.

Na pamba? Strigoli, kemikali ya kwanza ya jamii hiyo kutambuliwa, ilipatikana mwaka 1966 kutoka katika mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi kulinyonya. Maana yake ni kwamba pamba huamsha mbegu za kiduha, nazo hufa zikiwa zimeota kwa kukosa mzizi wa kushika. Wazee wetu wa Usukuma waliopokezana pamba na mtama walikuwa wakipunguza akiba ya mbegu ardhini, hata kama hakuna aliyewaeleza kwa maneno hayo. Nilirudisha pamba kwa misimu miwili mfululizo kabla ya kuthubutu kupanda mtama tena, na ningekushauri usifanye pungufu ya hapo. Karanga na mbaazi pia hufanya kazi hiyo. Kunde nayo husaidia, ila iangalie kwa makini: ina kimelea chake, alektra, chenye maua ya njano, ambacho hushambulia pia njugu mawe. Ukiona maua ya njano kwenye mizizi ya kunde, usiirudishe pale mwaka unaofuata.

Mbegu za mtama zenye ustahimilivu zipo. Hakika na Wahi ziliidhinishwa nchini Tanzania mwaka 2002, na asili yake ni kazi ya Mwethiopia Gebisa Ejeta wa Chuo Kikuu cha Purdue, aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mizizi yake hutoa kichochezi kidogo, kwa hiyo kiduha kinachoamka ni kichache. Si kwamba hakioti kabisa. Katika ekari isiyo na samadi nimekiona kwenye Hakika. Nilijaribu pia desmodiamu, ile jamii ya mikunde ambayo watafiti wa Mbita, Kenya, waliithibitisha dhidi ya kiduha ikipandwa katikati ya mahindi, na nina imani nayo, lakini shamba langu halina uzio na ng'ombe wa kijiji waliimaliza kiangazi cha kwanza. Kama wewe una uzio, ijaribu, na utafute aina ya majani ya kijani inayovumilia ukame zaidi.

Nirudi kwenye dawa. Dawa za kuua magugu ya majani mapana, kama 2,4-D, huua kiduha kilichotokeza, lakini hazikurudishii ulichopoteza kabla hakijatokeza, wala hazigusi mbegu zilizolala. Zaidi ya hayo, pamba huathirika vibaya hata kwa upepo tu unaobeba dawa hiyo, na huko kwenu, kama huku, huwezi kupulizia mtama bila kuwa na pamba ya jirani karibu. Kunde uliyochanganya humo nayo itakufa. Kuna mahindi ambayo mbegu yake hupakwa dawa ya kuua magugu iitwayo imazapiri, nayo Kenya imeyatumia, lakini hayo ni mahindi yaliyoundwa kuivumilia. Mtama wa kawaida ukipakwa dawa hiyo utakufa, kwa hiyo asikudanganye mtu akakuuzia uipake mbegu yako.

Mwaka huu ekari moja na nusu ilikuwa na mtama. Nilipita mara nne, na viduha vyote nilivyopata vilienea katika mfuko mmoja wa mbolea, ambapo miaka mitano iliyopita nisingeweza kuvihesabu. Bado vipo, navyo vitakuwepo msimu ujao. Wewe, kama mtama wako haujavunwa, anza leo na mfuko, na baada ya kuvuna ng'oa mashina wiki hiyohiyo, kabla mifugo haijafunguliwa mashambani.