Kabla ya kusema ni obiti, hakikisha ni sauti

Wadogo zangu wa maabara, jana nimemwona mmoja wenu akitoa kipande cha lithi niobati, ile fuwele tunayopitishia mawimbi ya sauti, kwenye hotipleti na kukibwaga juu ya chuma baridi. Tik! Nikatoka nje, nikahesabu hadi kumi. Sasa naandika, kwa kila mmoja wenu anayetafuta mkondo wa obiti, yaani mkondo unaobeba mzunguko wa elektroni kuzunguka atomi, unaosukumwa na wimbi la sauti.

1. Fuwele hiyo huzaa chaji joto lake likibadilika. Pandisheni na kushusha polepole, la sivyo cheche zitakula vidole vya transdyusa, vile vistari vya metali vinavyogeuza umeme kuwa sauti, mlivyohangaika navyo wiki nzima.

2. Titani ina uroho wa oksijeni. Ifunikeni kabla haijatoka kwenye vakyumu.

3. Hili ni langu, na bado linaniuma. Sampuli yangu ya kwanza ya titani na nikeli ilitoa volti mara tu nilipowasha jenereta ya ishara za redio inayolisha transdyusa. Nadharia nilikuwa naijua kama sala: wimbi la sauti hutikisa latisi (mpangilio wa atomi), latisi husukuma obiti za elektroni moja kwa moja, bila kutegemea mwingiliano wa spini (usumaku mdogo wa elektroni yenyewe) na obiti ambao kwenye titani ni hafifu, nikeli inaupokea mkondo huo wa obiti na kuugeuza kuwa volti. Mwaka 2023 athari ya Hall ya obiti (umeme kuzaa mkondo wa obiti kuelekea pembeni) ilikwisha kuripotiwa kwenye titani hiyohiyo, basi mimi nikajiona nimefika. Wiki tatu napima, nachora grafu, nazipaka rangi. Nikamwita profesa. Akatazama, kimya. Akachukua kijiti cha meno, akakichovya kwenye resisti (ule utomvu wa kuchorea sampuli), akadondosha tone moja kati ya transdyusa na utando wa titani na nikeli. Tone kama hilo hunyonya wimbi linalotambaa juu ya fuwele, ila wimbi la redio halina habari nalo. Tukapima tena. Volti palepale, haijapungua hata chembe. Kumbe wiki zote tatu jenereta ilikuwa ikipiga soga na nyaya zangu kupitia hewani. "Umetengeneza antena nzuri," akasema, akaenda zake.

Kwa hiyo hamisheni masafa ya jenereta. Vidole vya mikromita 1 hutoa wimbi la mikromita 4, na kwa kuwa sauti hukimbia karibu kilomita 4 kwa sekunde juu ya fuwele hiyo, mko kwenye gigahezi 1 hivi. Mkitoka hapo na volti bado inadunda, hiyo si sauti. Na tone pia mdondoshe, kwenye sampuli mnayoweza kuiaga.

4. Geuzeni uga wa sumaku. Kisha tengenezeni sampuli nyingine yenye aloi ya kobalti, chuma na boroni mahali pa nikeli. Aloi hiyo ni mvivu wa kugeuza mkondo wa obiti, kwa hiyo ishara yenu inapaswa kunywea. Isiponywea, msinipigie simu usiku. Rudini namba 3.

5. Nyaya ziwe fupi. Zile ndefu za kwenye droo ya chini ndizo zangu za wakati ule. Msiziguse.