Filamu iliyotoka ndani ya mchoro wa Bruegel

Dada, umeuliza kama The Mill and the Cross ina kisa au ni picha nzuri tu. Kisa kipo, ila hakisimuliwi kwa maneno. Watu wanazungumza kwa nadra sana. Lech Majewski, Mpolandi, aliitoa mwaka 2011 akiingia ndani ya mchoro mmoja wa Pieter Bruegel wa mwaka 1564, ule wa Yesu akibeba msalaba, ambao uko makumbusho ya Vienna. Bruegel, anayeigizwa na Rutger Hauer, hakuchora askari wa Kirumi. Alichora wapanda farasi wenye makoti mekundu, na filamu inawaonyesha kama askari wa mfalme wa Hispania wakiwatesa watu wa Flanders, eneo la Bruegel (leo sehemu kubwa iko Ubelgiji) lililotawaliwa wakati huo na Hispania. Yesu mwenyewe yuko katikati kabisa ya mchoro, lakini ni mdogo hata jicho linampita, na watu wanaendelea na shughuli zao. Hapo ndipo nilipolia. Halafu kile kinu cha upepo juu ya jabali: msagaji anatazama yote kutoka juu, kimya, kama Mungu. Usiiangalie kwenye simu, tafadhali. Tafuta skrini kubwa, uzime taa.