Mtaala mpya na kemia ya kiwandani: jibu kwa mzazi wa Mbale

Mzazi mwenzetu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ameuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni haki kumlazimisha kila mtoto asome kemia hadi kidato cha nne? Pili, je, binti yake anayetamani kuwa mkemia wa kiwandani atapungukiwa kwa kusoma mtaala mpya, ambao wengi wanadai umepunguza nadharia? Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya kiwanda cha sabuni hapa Jinja, na mara kwa mara bodi za shule na mikutano ya walimu hunialika nieleze viwanda vinahitaji wahitimu wa namna gani. Nitajibu kwa yale niliyoyaona pande zote mbili.

Swali la kwanza halinipi shida. Mwaka 2005 serikali ilipoamua kwamba fizikia, kemia, biolojia na hisabati yawe masomo ya lazima, niliunga mkono, na hata leo sijabadili msimamo. Mkulima anayechanganya dawa ya wadudu na fundi anayejaza asidi kwenye betri ya gari wote wanashika kemikali, wawe wamesoma au hawakusoma. Kilichokosewa ni kwamba sheria ilitangulia maabara na walimu, kwa hiyo shule nyingi zilifundisha kemia kwa chaki peke yake.

Swali la pili ndilo zito. Lori la mafuta ya mawese likifika kwetu, hakuna mafuta yanayoingia kwenye pipa la kuchemshia kabla ya maabara kuyapima. Kilo 1,000 za mafuta ya mawese huhitaji takriban kilo 140 za soda kaustiki, yaani alkali kali, ili zigeuke zote kuwa sabuni. Uzito huohuo wa mafuta ya kokwa za michikichi huhitaji karibu kilo 175, kwa kuwa molekuli zake ni fupi, na kwa hiyo ni nyingi zaidi katika kila kilo. Soda ikizidi, sabuni humchubua mfuaji mikono. Ikipungua, mafuta yasiyogeuka huchacha na kipande hutoa harufu kikiwa bado dukani. Sabuni ikishapikwa tunayeyusha kipande chake katika spiriti ya moto, tunatia matone ya fenoftalini, kiashiria cha alkali, na ikigeuka rangi ya waridi tunadondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye alama za vipimo, mpaka rangi ipotee, ili tujue ni alkali kiasi gani iliyosalia. Kazi hii ni ileile inayofanywa katika mtihani wa vitendo wa kidato cha nne.

Hata hivyo, vijana wengi wanaokuja kwetu na alama nzuri hushindwa hapo. Si kwamba hawajui kanuni. Wanaieleza vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba shule nyingi hufungua maabara muhula wa mwisho tu, kwa kuogopa gharama ya kemikali, na mwanafunzi hujifunza kutafuta jibu analolitarajia mwalimu. Nimeona kijana akipima mara tatu na kuandika tarakimu moja mara zote tatu, ingawa bureti ilionyesha tofauti, kwa sababu amezoeshwa kuamini kwamba tofauti ni aibu. Kiwandani tofauti hiyo ndiyo habari tunayoitafuta, na anayeificha anaweza kuharibu pipa zima.

Kwa hiyo siuogopi mtaala ulioanza mwaka 2020, ambao wanafunzi wake wa kwanza walifanya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, mwaka 2024. Kwamba asilimia 20 ya alama hutokana na kazi na miradi inayofanywa shuleni kabla ya mtihani wa mwisho ni jambo nililolitamani tangu zamani. Ninachokiogopa ni namna miradi inavyofanywa. Shule nyingi zimechagua mradi wa sabuni ya maji: wananunua ungarol, yaani rojo zito la kutoa povu linalouzwa tayari, wanatia chumvi na rangi, wanakoroga, wanajaza chupa na kupiga picha. Hapo mtoto amefuata maelekezo ya upishi, na kemia bado haijaanza.

Mradi huohuo ungeweza kuwa somo zuri mno, wala hauhitaji fedha nyingi. Chumvi huifanya sabuni ya ungarol iwe nzito, lakini ikizidi kiwango fulani sabuni hurudi kuwa nyepesi kama maji, na chumvi zaidi haiponyi. Wanafunzi wagawe sabuni katika vikombe, kila kikombe kitiwe chumvi iliyopimwa kwa mizani, kisha wahesabu kwa saa sekunde ambazo kila kikombe huchukua kupita kwenye faneli, na wachore grafu. Wataona mstari ukipanda, ukifika kilele, ukishuka. Hapo mwalimu ana nafasi ya kuwaeleza jinsi molekuli za sabuni zinavyojikusanya, na jinsi chumvi inavyoyarefusha makundi hayo mpaka yanasongamana na kuzuia mtiririko. Nadharia inayodaiwa kupunguzwa inarudi yenyewe, safari hii ikiwa ni jibu la swali ambalo mtoto ameliuliza mwenyewe.

Wengine katika mjadala huu wamegusia mishahara ya walimu. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa sanaa wakagoma. Mwalimu wa kemia anastahili kulipwa vizuri, lakini sikuona busara ya kumwacha nyuma anayefundisha lugha, maana ripoti ya maabara isiyoeleweka haimsaidii msimamizi wa uzalishaji hata vipimo vikiwa sahihi.

Kuhusu binti yako, mama, kidato cha tano achukue kemia pamoja na hisabati, na fizikia ikiwezekana. Makerere ina shahada ya kemia ya viwandani. Kabla ya hapo, nenda shuleni kwake, usiulize wastani wa alama. Omba uoneshwe daftari la maabara la kidato cha pili, utazame tarehe kama zimeenea mwaka mzima, na utazame kama vipimo vya wanafunzi waliokaa meza moja vinatofautiana kidogo. Vikiwa sawa vyote, zungumza na mwalimu mkuu kabla hujalipa karo ya muhula ujao.