Kwa muuguzi mpya uliyepangiwa kituo vijijini Dodoma

Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ikishatoka na barua ya kupangiwa kituo ukaipata, usidhani utakaa miaka ukiongozwa tu. Kwenye zahanati nyingi za Bahi, Chemba au Chamwino watumishi ni wachache. Mganga mfawidhi akiitwa semina mjini, wewe ndiye unayeulizwa kila kitu, kuanzia ufunguo wa stoo hadi nani apewe rufaa. Cheo huna, ila maamuzi ni yako.

Anza na kupokea zamu. Makabidhiano ya mezani, kikombe cha chai mkononi, siyapendi hata kidogo. Nendeni kitandani. Mama aliyejifungua alfajiri usikubali kuambiwa "anaendelea vizuri" ukaishia hapo. Mwenzako akiwa bado yupo, funua shuka, tazama pedi, papasa tumbo uone kama mji wa mimba umekaza, pima presha na mapigo. Damu ikifika nusu lita baada ya kujifungua ni hatari, na ikivuja taratibu kwenye kanga ya rangi iliyokolea unaweza usiione mpaka mama aanze kulegea. Wiki za mwanzo watakuita mjuaji. Vumilia.

Halafu jokofu. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, inataka nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa kijijini unaujua. Bandika karatasi mlangoni, andika joto asubuhi na jioni, kila siku, hata Jumapili. Ukienda kwenye kikao cha kamati ya kituo ukasema "jokofu linasumbua", itaandikwa kwenye muhtasari na mtafunga kikao kwa sala. Peleka ile karatasi, siku ambazo joto lilizidi nyuzi 8 umezizungushia wino mwekundu, pamoja na makadirio ya fundi. Siku hizi kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo wa kumshawishi mara nyingi amekaa mbele yako. Uhaba wa watumishi nao ni hivyohivyo: toa kwenye MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za kituo, idadi ya waliojifungua usiku ambao muuguzi alikuwa mmoja, umpelekee muuguzi mkuu wa wilaya kwa maandishi. Kulalamika kwenye kundi la WhatsApp sijaona kukileta mtumishi.

Mvua zikianza Desemba, makorongo yanajaa na barabara inakatika. Mama mwenye kovu la upasuaji asingoje uchungu akiwa nyumbani. Asogee mapema kwa ndugu waishio karibu na hospitali, au chigonella, nyumba ya wajawazito wanaongoja kujifungua, kama ipo. Zungumza na mume na mama mkwe pia, maana nauli na ruhusa ziko kwao. Anza kwa kuwasalimia "mbukwenyi", salamu ya Wagogo; hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, utasikilizwa zaidi. Namba ya dharura ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni 115, ipigwe dalili zikianza, siyo korongo likishafurika.

Na usiku ukimpigia daktari, usimwambie "mgonjwa amebadilika". Mpe presha, mapigo, kiasi cha damu, ulichokwisha kufanya na unachotaka afanye. Akikujibu msubiri asubuhi na wewe roho haijatulia, andika saa na jibu lake kwenye faili, kisha mpigie aliye juu yake.